Nafasi moja ya fizikia: shule za Uingereza zilipokabidhiwa kazi ya kutafuta walimu wanafunzi

Mwalimu wa shule ya serikali Uingereza anayetaka kuondoka mwaka wa masomo unapoisha, barua yake ya kuacha kazi inatakiwa iwe imemfikia mkuu wa shule ifikapo 31 Mei. Kuna tarehe nyingine mbili za namna hiyo kila mwaka, moja Oktoba na moja mwisho wa Februari, lakini ya Mei ndiyo inayowakosesha wakuu wa shule usingizi. Kabla ya hapo mkuu huishi kwa fununu tu. Fulani mkewe kapata kazi Leeds. Fulani siku hizi haonekani kwenye chumba cha walimu. Barua zenyewe huja wiki ya mwisho, na mara nyingi ni Juni ndipo anapojua kwa hakika Septemba atakuwa amepungukiwa na nani.

Shika tarehe hiyo, maana bila hiyo habari hii haieleweki. Mwaka 2012 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango ulioitwa School Direct. Shule zilikabidhiwa kazi ya kutangaza, kuchuja na kuchagua watu wa kusomea ualimu, kwa matarajio kwamba wakifuzu wataajiriwa na shule hizohizo au za jirani. Sasa hesabu miezi. Shule iliyotaka mwalimu mpya wa Septemba 2015 ilipaswa kuomba nafasi ya mafunzo mwaka 2013, imtafute mtu kati ya Novemba mwaka huo na kiangazi cha 2014, aanze mafunzo Septemba 2014, afuzu Julai 2015, ndipo asimame darasani peke yake. Mkuu asiyejua mwezi Aprili nani ataondoka Agosti aliulizwa atamhitaji nani baada ya miaka miwili.

Wengine walikisia, na wengine waliomba nafasi nyingi kwa tahadhari. Wapo pia walioona ni kamari wakakaa pembeni.

(Nikisema Uingereza humu nina maana ya England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila mmoja ana utaratibu wake wa ualimu.)

Kilichobadilika hasa

Michael Gove alipokuwa Waziri wa Elimu kuanzia 2010 alikuwa na msimamo mmoja ambao hakuuficha: ualimu ni ufundi, na ufundi hujifunzwa kwa kukaa karibu na fundi stadi na kumtazama. Waraka wa serikali wa Novemba mwaka huo ukaahidi kuwa shule zitashika usukani wa mafunzo. Watu wengi waliposikia hivyo walidhani wanafunzi wa ualimu wanatolewa vyuoni na kupelekwa shuleni kwa mara ya kwanza. Hilo si kweli, na ndilo fundo la kwanza la kufungua.

Mtu aliyesoma PGCE, ile stashahada ya uzamili ya ualimu ya mwaka mmoja, kwenye chuo kikuu cha kawaida kabisa, tayari alikuwa anatumia wiki zisizopungua 24 shuleni, katika shule zisizopungua mbili. Hiyo ni takriban theluthi mbili ya mwaka wake. Kulikuwa pia na SCITT, vikundi vya shule vilivyoruhusiwa tangu 1993 kutoa mafunzo vyenyewe. Na kulikuwa na mpango wa kumwajiri mtu mwenye shahada akajifunza huku analipwa mshahara, uliodumu tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2010. Mafunzo ya shuleni yalikuwepo, na School Direct haikuyagundua. Ilichohamisha ni mlango wa kuingilia: nani anasoma fomu, nani anafanya usaili, nani anasema ndiyo.

Msomaji wa Tanzania hapa atakumbuka walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifundwa ualimu hukohuko shuleni, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowapitia. Mafunzo yalikuwa shuleni, lakini mwalimu mkuu wa kijijini hakutangaza nafasi wala kupambana na shule ya pili ili ampate kijana mmoja. Na asije mtu akaiweka School Direct kapu moja na wale tuliowabandika jina la "vodafasta" miaka ya 2000, walioivishwa kwa wiki chache. Hawa wa Uingereza wana shahada, wanasoma mwaka mzima, na cheti chao kinalingana na cha mwenzao wa chuo. Tatizo la mpango huu lilikuwa mahali pengine.

Nani ni nani

Fundo la pili ni majina. Kijana anayeomba School Direct alikuwa anakutana na taasisi tatu kwenye tangazo moja. Ya kwanza ni shule kiongozi, iliyoomba nafasi serikalini na kutangaza. Ya pili ni shule atakayofundishia, ambayo huenda ikawa ileile au nyingine ndani ya kikundi. Ya tatu ni mtoa mafunzo aliyeidhinishwa, yaani chuo kikuu au SCITT, kwa sababu shule ya School Direct yenyewe haikuwa na mamlaka ya kumtamka mtu kuwa mwalimu aliyefuzu. Ada ililipwa kwa huyu wa tatu, kisha ikagawanywa kwa makubaliano yao wenyewe. Ikitokea mwanafunzi ana malalamiko, au tu anataka kujua nani atampangia shule ya muhula wa pili, alikuwa na simu tatu za kupiga.

Halafu kulikuwa na njia mbili ndani ya njia hiyo moja. Ya kwanza, unalipa ada, wakati huo pauni 9,000, na ukiwa na bahati ya kusoma somo lenye uhaba serikali inakupa ruzuku. Ya pili, unalipwa mshahara wa mwalimu asiyefuzu na hulipi ada, lakini mwanzoni walitaka uwe umefanya kazi kama miaka mitatu baada ya shahada. Ongeza PGCE ya chuo, SCITT, na Teach First, shirika linalowapeleka wahitimu kufundisha shule za maeneo maskini, lililokuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza ilipochunguza mambo haya na kutoa ripoti Februari 2016, wingi wa njia na mkanganyiko unaowapata waombaji ni moja ya hoja zilizojitokeza wazi. Mhasibu wa miaka thelathini na mitano anayetaka kubadili kazi hakai jioni nzima akilinganisha njia tano za kufika darasa lilelile. Anafunga kompyuta, kesho anaamkia ofisini kwake.

Mlango mmoja, kiti kimoja

Sasa tuingie kwenye kiini, na hapa nitakaa kidogo.

Tuseme kuna shule ya sekondari katika mji mdogo wa pwani ya mashariki ya England, saa mbili na nusu kwa treni kutoka London. Imepewa nafasi moja ya fizikia. Mwalimu pekee pale mwenye shahada ya fizikia ndiye mkuu wa idara, na ndiye anayetakiwa kusoma fomu. Novemba nzima hakuna fomu. Januari inakuja moja: mhandisi aliyestaafu mapema, ana shahada nzuri, barua yake ina makosa ya tahajia mawili. Februari inakuja ya binti aliyemaliza chuo mwaka jana.

Siku ya usaili inapangwa. Kila mwombaji atafundisha darasa la watoto wa miaka kumi na miwili kwa dakika ishirini, atatembezwa shule na wanafunzi wawili ambao baadaye wataulizwa walimwonaje, ataandika insha fupi, kisha atakaa mbele ya jopo. Kwa siku hiyo mkuu wa idara anaacha darasa lake la mtihani kwa mwalimu wa kukodi, anayelipwa na shule. Karani anapiga simu kwa wadhamini, anakagua cheti cha hisabati na Kiingereza cha GCSE, mtihani wa sekondari wa miaka kumi na sita, anaanzisha ukaguzi wa rekodi za jinai. Yote hayo yanafanywa na watu ambao kazi yao ni nyingine.

Mhandisi anafundisha vibaya, kwa sababu hajawahi kufundisha. Anaongea na ubao. Lakini mtoto mmoja anapouliza kwa nini mwezi haudondoki, anageuka, uso unamng'aa, anaeleza vizuri ajabu. Jopo linarudi chumbani. Mkuu wa idara anasema, "Huyu akipata mwaka mmoja atakuwa mwalimu." Mkuu wa shule anajibu, "Mimi namtazama wa Septemba ya mwaka kesho, na darasa la tisa." Wanamkataa.

Mfano huu nimeutunga, lakini mabishano yaliyomo hayakuwa ya kutunga. Mkufunzi wa chuo akimtazama mwombaji hujiuliza kama ana kitu cha kufanyia kazi hadi Julai. Mkuu wa shule hujiuliza kama angemkabidhi watoto wake. Maswali yote mawili ni ya haki, ila la pili ni kali zaidi, na shule ikilitumia haikosei. Kwa shule ile ya pwani, kumkataa mhandisi ni busara: bora kiti kibaki wazi kuliko kuwa na mtu ambaye utalazimika kumwajiri, au kumfukuza, mbele ya wazazi unaokutana nao sokoni. Lakini zidisha uamuzi huo kwa shule mia kadhaa, kila moja ikiwa na busara yake, ujumlishe. Taifa linapoteza mamia ya watu ambao wangeiva. Mimi naona hili ndilo lililouma kuliko mengine yote, na ndilo ambalo matangazo ya televisheni na ruzuku havikuweza kulitibu.

Binti, kwa upande wake, wanampenda. Wanampa nafasi. Kwa utaratibu wa UCAS, chombo kinachopokea maombi ya vyuo, ulioanza Novemba 2013, mwombaji alichagua sehemu tatu kwa wakati mmoja, na kila sehemu ilikuwa na siku 40 za kazi kumjibu. Majibu yote yakishafika ndipo yeye anaanza kuhesabiwa siku 10 za kuamua. Kwa hiyo shule yetu iliyojibu ndani ya wiki mbili inakaa inasubiri jibu la chuo cha Norwich na la shule nyingine, na muda wote huo haiwezi kumwahidi kiti mtu mwingine kwa sababu ina kiti kimoja tu. Aprili binti anachagua chuo. Shule imerudi sifuri, na mhandisi ameshakwenda zake.

Chuo kikuu kingefanyaje? Chuo chenye nafasi ishirini kinaweza kutoa barua ishirini na sita, kikijua kwa uzoefu kwamba sita watapotelea njiani. Shule yenye nafasi moja haiwezi kutoa barua moja na nusu. Kwenye karatasi za takwimu shule hiyo ina njia mbili tu, asilimia mia au sifuri, na haikuhitaji kufanya kosa lolote ili iangukie sifuri. Nafasi za masomo magumu kupatikana zilitawanywa hivyo nchi nzima, mojamoja, mbilimbili, kama mtama uliomwagwa badala ya kupandwa.

Matokeo yalionekana mapema. Kwa mwaka wa masomo wa 2013/14, wa kwanza kwa mpango huu kuwa mkubwa, takriban theluthi moja ya nafasi za School Direct zilibaki wazi, ilhali vyuo vilijaza sehemu kubwa zaidi ya nafasi zao. Na vyuo ndivyo vilivyokuwa vimepunguziwa nafasi ili shule zipewe. Kukawa na kichekesho kisichochekesha: chuo kinawarudisha watu kwa sababu kimejaa, shule maili kumi kutoka pale ina kiti na haina mtu. Chuo Kikuu cha Bath na Open University viliamua kuachana na PGCE zao, maana huwezi kuwalipa wakufunzi kwa hesabu ya nafasi inayobadilika kila vuli.

Mwaka wa mbio

Serikali iliona, na ilijaribu kutibu. Dawa ya mwaka 2016/17 ilikuwa kufuta mgao wa nafasi kwa masomo mengi: kila mtu aajiri awezavyo hadi taifa litosheke, kisha mlango ufungwe. Lengo lilikuwa kuziondolea shule kero ya kiti kimoja. Kilichotokea ni mbio. Maombi yalifunguliwa mwishoni mwa Oktoba 2015, na ndani ya wiki chache tu vyuo vilikuwa vinaambiwa acheni, elimu ya viungo imejaa, historia ikafuata. Shule ziliachiwa nafasi zao ili zisizidiwe mbio na vyuo vyenye ofisi nzima za udahili.

Fikiria uko mkuu wa kozi ya historia chuoni. Hujui kama ukimpa mtu siku ya kupanga usaili wiki ijayo mlango utakuwa bado wazi. Unaharakisha, unachukua waliotangulia. Aliyechelewa kwa sababu alikuwa anamuuguza mama yake anakosa, hata awe bora kuliko wote. Utaratibu huo haukudumu kwa sura ile, na sidhani kuna aliyeulilia.

Ripoti ile ya wakaguzi ya Februari 2016 ilitoa picha ya jumla. Malengo ya kupata walimu wanafunzi yalikuwa yamekosekana miaka minne mfululizo. Mwaka 2010/11 masomo mawili tu ya sekondari ndiyo yaliyobaki na nafasi wazi. Mwaka 2015/16 yalikuwa 14 kati ya 17.

Hapa niseme jambo ambalo wapinzani wa School Direct hawapendi kusikia. Lawama yote haiwezi kuwekwa kwenye mpango huo. Uchumi ulikuwa unapanda, na uchumi ukipanda watu wenye shahada za fizikia wana pa kwenda. Ushahidi mzuri ni mwaka wa korona. Mwaka 2020/21, kazi zilipofungwa, waombaji walifurika mpaka idadi ya walioanza ikafika asilimia 115 ya lengo la taifa, kwa mfumo uleule wenye milango ileile. Miaka mitatu baadaye, 2023/24, sekondari ilipata nusu tu ya lengo, na fizikia ikapata asilimia 17. Mshahara, mzigo wa kazi na bei ya nyumba vina nguvu kuliko fomu. Kosa la School Direct lilikuwa kwamba katika miaka ya ukame ilimwaga maji kidogo yaliyokuwapo.

Fedha zinazopanda na kushuka

Shule inayotangaza nafasi mwezi Oktoba inatangaza pia fedha za serikali, na fedha hizo hazikai. Oktoba 2020, waombaji walipokuwa wengi, serikali ilitangaza ruzuku za mwaka uliofuata: biolojia kutoka pauni 26,000 hadi 7,000, Kiingereza kutoka 12,000 hadi sifuri. Korona ilipopita na waombaji wakapungua, ruzuku zikaanza kupandishwa tena. Chuo kikubwa kina mtu wa kufuatilia mabadiliko hayo. Kwenye shule, ni naibu mkuu anayeyasoma usiku akiwa na daftari za kusahihisha pembeni, na mara nyingine kipeperushi alichochapisha Septemba kimeshapitwa na wakati Novemba.

Njia ya mshahara ina ugumu wake. Mwalimu mwanafunzi anayelipwa ni gharama kwenye bajeti ya shule, na msaada wa serikali uliokuja kwa baadhi ya masomo haukufunika kila kitu. Kwa hiyo njia ambayo ingemvuta yule mhasibu mwenye watoto wawili na mkopo wa nyumba, asiyeweza kukaa mwaka bila kipato, ndiyo ambayo shule zilikuwa nazo chache. Mwaka 2018 ilianza njia ya uanagenzi wa ualimu kwa wenye shahada, inayotumia kodi ya uanagenzi ambayo waajiri wakubwa hutozwa. Inasaidia kiasi, ila nayo ni mlango mwingine wenye jina lake na fomu zake.

Kuna pia mtu ambaye hatajwi kwenye matangazo: mwalimu mlezi. Ndiye anayekaa nyuma ya darasa na kalamu, ndiye anayepoteza saa yake ya kusahihisha akimweleza mwanagenzi kwa nini kipindi cha Jumanne kilimponyoka. Shule yenye walimu imara ina walezi. Shule ambayo robo ya walimu wake ni wapya na wengine wa kukodi haina, na ndiyo yenye njaa kubwa ya walimu. Shule kiongozi nazo mara nyingi zilikuwa zenye sifa nzuri kwenye ukaguzi wa shule. Ukiunganisha hayo unapata ramani isiyoshangaza: nafasi nyingi zilikwenda pale ambapo shule nzuri zimejaa, na walimu wanafunzi, kama binadamu wengine, wakabaki kuishi na kufanya kazi walipofunzwa. Mji wetu wa pwani, mwisho wa reli, ulihitaji zaidi na ukapata kidogo.

Jina limekufa, kazi ipo

Julai 2021 ilitoka ripoti ya mapitio ya soko la mafunzo ya ualimu, chini ya Ian Bauckham. Kila mtoa mafunzo, hata Cambridge, alitakiwa aombe kibali upya. Kelele zilikuwa kubwa. Mwisho wa mchakato, kuanzia Septemba 2024, walioidhinishwa walikuwa 179, kutoka takriban 240. Baadhi ya SCITT ziliungana, baadhi zikawa washirika wa wakubwa, baadhi zikafunga. Jina School Direct likaondolewa, shule zikaitwa washirika. Maombi yalikuwa yameshatolewa UCAS na kuhamia kwenye mtandao wa wizara yenyewe, ambako mwombaji sasa anaweza kuwa na maombi manne kwa wakati mmoja. Majaribio ya kusoma na hesabu ambayo mtu alilazimika kuyafaulu kabla ya kuanza, na ambayo yaliwakwamisha wengi, yalikuwa yamefutwa tangu 2019.

Kwa maoni yangu, kupunguza idadi ya watoa mafunzo kumerudisha kitu kilichopotea, yaani mtu mmoja mwenye nafasi nyingi anayeweza kusema, "Shule ile imekukataa, lakini ngoja nikupeleke hii." Walimu walezi nao wamewekewa mafunzo rasmi. Lakini mafunzo hayo ni saa nyingine zinazotoka kwa mwalimu yuleyule, na zipo shule zilizotazama orodha ya masharti zikasema mwaka huu hatupokei mtu.

Kwa msomaji wa Kiswahili habari hii ina mguso wa moja kwa moja. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2023/24 ruzuku za fizikia na lugha zilifunguliwa kwa watu wasio raia wa Uingereza, na maombi kutoka Afrika, hasa Ghana na Nigeria, yaliongezeka sana. Zipo kurasa za vijana wa Nairobi na Dar es Salaam zinazoulizana jinsi ya kuingia. Wengi wanaishia kukataliwa, na sababu mara nyingi ni yale mafundo yaliyotajwa hapo juu. Anayelipa ada huhitaji viza ya mwanafunzi, na anayemdhamini ni yule mtoa mafunzo aliyeidhinishwa. Anayelipwa mshahara huhitaji viza ya kazi, na mdhamini ni shule inayomwajiri, ambayo huenda haijawahi kuomba leseni ya kudhamini mgeni maishani mwake. Jina kubwa kwenye tangazo linaweza lisiwe lolote kati ya hayo mawili. Karani wa shule naye hajui cheti cha KCSE au cha NECTA kinalingana na GCSE ya ngapi, na hana wiki mbili za kuuliza.

Kwa hiyo kabla ya kulipia mtihani wowote wa Kiingereza, andika barua pepe moja yenye maswali mawili: nani kati yenu atakayetoa udhamini wa viza, na shule nitakayofundishia imeshakubali kupokea mtu mwaka huu? Jibu la swali la pili likichelewa, tazama kalenda. Kama ni Mei, huenda wao wenyewe hawajui bado.